Kupunguza Ng'ombe wa Ng'ambo

Mdogo wangu alipofariki, mimi ndiye niliyechapa karatasi za mazishi yake. Nafanya kazi kwenye steshenari moja Buhongwa, kando ya barabara ya Shinyanga, na haikumjia mtu yeyote akilini kwamba kazi ile angeweza kupewa mwingine. Hata mimi haikunijia. Nilipanga ratiba ya ibada, nikaweka picha yake juu, nikachapa. Nakala za kwanza zilitoka na mstari mweusi shavuni. Nikatoa kasha la wino, nikalitikisa, nikarudia. Mteja aliyekuwa akisubiri aliuliza marehemu ni nani wangu. Nikamjibu, kisha nikamuuliza cheti chake anataka nakala ngapi.

Sikulia siku ile, wala kaburini. Watu walisema nimejikaza, na mama mmoja wa kanisani alinishika mkono akaisifu imani yangu. Haikuwa imani. Nilikuwa nimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, na nilichokuwa nikikiwaza pale kaburini ni kwamba karatasi zimebaki nyingi, ningechapa pungufu.

Tulimzika nyumbani, Sengerema. Kwetu msiba wa mtu mzima huchinjiwa ng'ombe, lakini zizi letu lilikuwa tupu tangu tulipokuwa masomoni, basi nyama ilinunuliwa buchani, ikaletwa kwa pikipiki ndani ya mifuko. Baba aliitazama mifuko ikipita, akageukia upande mwingine. Mimi sikula. Nilikuwa nagawa sahani, na nilipomaliza kugawa, chakula nacho kilikuwa kimekwisha.

Nimeanza na hayo kwa sababu bila hayo habari ya mchezo itaonekana ya kitoto, na huenda ni ya kitoto kweli.

Mchezo wenyewe ni ule wa dunia ya matofali. Unachimba, unajenga, unalima, unafuga. Mnaweza kuingia watu wengi katika dunia moja, kila mtu akiwa kwake, mradi iwepo kompyuta moja ya kuibeba dunia hiyo saa zote. Hiyo ndiyo seva. Seva yetu ilikuwa kompyuta kuukuu aliyoitupa bosi wangu. Niliitengeneza, nikaiweka chini ya meza ya kulia nyumbani kwangu Ilemela, pamoja na betri ya akiba kwa ajili ya umeme unapokatika. Tulikuwa wachezaji saba, wote wa ukoo mmoja, na mimi nilikuwa msimamizi. Msimamizi ana dirisha lake jeusi lenye maandishi matupu, na humo anaandika amri: huyu aruhusiwe kuingia, yule atolewe, mvua ikatike, dunia ihifadhiwe. Seva inajibu kwa mstari mmoja, haikusifu wala haikulaumu. Wenzangu walipenda kujenga majumba. Mimi nilipenda lile dirisha.

Dunia yetu ilikuwa na ziwa. Wengi tulijenga upande mmoja, juu ya mawe, kama tulivyozoea huku mjini. Mdogo wangu alivuka akajenga upande wa pili, peke yake, kwa sababu hata maishani alibaki Sengerema, upande wa pili wa ziwa, akifundisha shule ya msingi. Mahali pake tukapaita Ng'ambo. Alijenga nyumba ya vyumba viwili na zizi la mawe, akaanza na ng'ombe wawili.

Kwa maoni yake, mchezo ule ulikuwa na kosa moja kubwa: ng'ombe wote wana rangi moja. Wote ni kahawia wenye mabaka meupe, mabaka yaleyale mahali palepale. Mtu aliyechunga tangu ana miaka sita hawezi kulivumilia hilo. Alinipigia simu kuuliza ng'ombe akipotea utamwulizia vipi kwa jirani, utamtaja kwa kitu gani. Dawa aliyoipata ni vibandiko vya majina. Ndani ya mchezo kuna kibandiko ambacho ukikiandika na kumbandika mnyama, jina linatokea juu ya kichwa chake ukimsogelea na kumtazama. Vinapatikana kwa bahati, ukiwa unavua samaki. Mimi kwa amri moja ningempa sanduku zima, na nilimwambia hivyo. Akakataa. Alisema ng'ombe wenye majina ya kugawiwa na serikali hawana baraka. Basi kila jioni, akishasahihisha madaftari, alikaa kando ya ziwa la matofali akavua mpaka kibandiko kinase kwenye ndoana.

Tena hakuchinja, wala hakutaka mtu achinje. Tukienda kumtembelea tulikula mikate na viazi. Binamu yetu mmoja, mtoto wa shangazi anayekaa Buhongwa, aliua ng'ombe mmoja wa mdogo wangu kwa njaa, naye akaitishiwa kikao. Kikao cha kweli, kwenye kundi la simu la ukoo, hata baba alisomewa mashtaka bila kuelewa yanahusu nini. Binamu akatozwa ndama wawili. Tulicheka wiki nzima.

Lakini ng'ombe wasiochinjwa wanaongezeka. Mdogo wangu alilima ngano ya kuwalisha, na katika mchezo ng'ombe akilishwa anazaa. Kila mmoja seva inamfuatilia: anakokanyaga, anakogeukia, anayemgusa. Walipopita mia tatu dunia nzima ikaanza kuganda. Unagonga jiwe, unaenda kuchemsha chai, unarudi unakuta ndiyo linavunjika.

Nilimwambia apunguze.

"Dada," akasema, "ng'ombe hawapunguzwi kwa sababu kompyuta imechoka."

Nikamwambia basi nitawapunguza mwenyewe, kwa amri, na nikampa mpaka mwisho wa mwezi. Aliomba nimsogezee mpaka likizo. Nilikuwa nimechoka kulalamikiwa na wengine, nikamjibu kwa sauti ya msimamizi kwamba mwisho wa mwezi ni mwisho wa mwezi. Kabla mwezi haujaisha alianguka darasani, akalazwa siku nne, akafa. Moyo, walisema. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya mwisho, na yalihusu ng'ombe wa matofali.

Baada ya msiba seva niliiacha ikiwaka. Nieleze jambo moja kuhusu mchezo ule, maana yaliyofuata yote yametokana nalo. Mahali pasipo na mtu hapaendi. Seva haijisumbui na sehemu ambayo hakuna mchezaji karibu yake. Ngano haikui, ndama hakui, ng'ombe anabaki ameinua mguu vilevile ulivyomwacha. Siku mtu akisogea, kila kitu kinaendelea kilipoishia. Basi kwa miezi mitatu Ng'ambo ilisimama. Nilijua imesimama, na niliona ni sawa. Mimi pia nilikuwa naamka, nafungua steshenari, narudufu vyeti vya watu, nafunga, narudi. Ukiniuliza wiki ile ilikuwaje na ile nyingine ilikuwaje, sina jibu.

Aliyeharibu utaratibu huo ni binamu. Alikuwa anachimba njia ya chini kwa chini kulizunguka ziwa, na kila alipokaribia Ng'ambo, ng'ombe mia tatu waliamka kwa pamoja, seva ikazidiwa, na sote tukatupwa nje. Mwishowe aliandika kwenye kundi, kwa adabu kabisa, kwamba labda wakati umefika tuanze dunia mpya. Wengine wakaunga mkono. Walisema ile ya zamani haitapotea, nitaiweka kwenye flashi. Mimi naijua droo yangu ya flashi. Dunia ikishaingia mle, hakuna atakayeisogelea tena, na nyumba ya mdogo wangu ingebaki imesimama milele. Niliwaomba wanisubiri hadi Jumapili. Kama ningefaulu kupunguza ng'ombe, dunia ingebaki. Nikishindwa, ingeingia droo.

Jumamosi nilijaribu nikiwa kazini, kati ya mteja na mteja. Nilifungua dirisha langu la msimamizi kupitia kompyuta ya steshenari, nikaandika:

kill @e[type=cow]

Maana yake ni ua kila ng'ombe. Kiingereza hicho hata mtoto wa darasa la tatu anakielewa. Seva ikajibu kwamba hakuna kilichopatikana. Nikarudia, jibu likawa lilelile. Ilinichukua muda kukumbuka kwamba amri haifiki mahali palipolala. Ili ng'ombe wa mdogo wangu wafe, ilibidi mtu awe amesimama katikati yao.

Sikuhuzunika hata hapo. Niliona ni usumbufu, nikaendelea kubana kurasa za mtu.

Wiki hiyo baba alikuwa kwangu, amekuja mjini kupimwa macho. Jumapili tulipotoka kanisani nilimwekea chai, nikakaa na kompyuta upande wa pili wa meza. Kwanza nilinakili dunia yote kwenye flashi, kwa tahadhari. Baba akauliza nafanya kazi gani siku ya Bwana. Nikamweleza kwa kifupi kwamba ule mchezo wa marehemu una ng'ombe wengi mno, na leo nawaondoa. Nilidhani atatikisa kichwa na kurudi kwenye chai yake.

"Wangapi?" akauliza.

Nikamwambia wamepita mia tatu. Aliweka kikombe chini, akabeba kiti chake, akaja kukaa ubavuni kwangu.

Nilivuka ziwa kwa mtumbwi wa mchezo. Nilipokanyaga Ng'ambo kioo kiliganda, kikakaa hivyo muda, halafu ng'ombe wote wakaanza kutembea. Walijaa zizini, wakajaa malishoni hadi ukingo wa maji. Nilimtazama wa kwanza kwa karibu, jina likatokea juu yake. Ng'ombe wetu tulikuwa tunawaita kwa Kisukuma, kwa rangi na pembe zao, naye aliwaandika hivyohivyo. Hapa naandika maana tu.

Baba alisogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa kioo. "Pembe Moja," akasoma. Nikamgeukia mwingine. "Madoa ya Shingo." Mwingine. "Mkia Mfupi." Akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba hao ni ng'ombe wake.

Walikuwa wake kweli. Ni lile kundi lililouzwa mmoja mmoja ili sisi wawili tusome. Baba alikuwa anawakumbuka wote: huyu aliondoka mdogo wangu alipoingia chuo cha ualimu, huyu alikwenda na sare na godoro langu la bweni, yule aliuzwa mwaka wa ukame na hakufaa kitu. Mimi nilikuwa nimewasahau. Mdogo wangu hakuwahi kuniambia anawaandika akina nani, na mimi, niliyekuwa naliona kila neno lililopita kwenye seva ile, sikuwahi kwenda kutazama.

"Jivu simwoni," baba akasema.

Jivu alikuwa wangu. Nyumbani kila mtoto alionyeshwa mtamba akaambiwa huyu ni wako, na mimi nilionyeshwa Jivu. Alizaliwa katikati ya masika na mguu dhaifu, kwa hiyo miezi yake ya kwanza alilala ndani na sisi, karibu na moto. Hata alipokuwa mkubwa, jioni alikuwa anajaribu kupita mlangoni na pembe zake, watu wanamsukuma nje wakicheka. Ndiye aliyeuzwa wa kwanza, nilipochaguliwa kidato cha tano. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na moja na ndiye aliyemchunga. Likizo yangu ya kwanza hakunisemesha siku zote nilizokaa. Mimi nilifikiri ni ukaidi wa utoto, na hatukulizungumza tena.

Tulimtafuta Jivu zizini na malishoni, hakuwepo. Nikamwambia baba labda kibandiko chake kilikuwa hakijapatikana. Baba alisema mdogo wangu asingeanza na wengine akamwacha Jivu, lakini macho yalikuwa yanamtoka machozi kwa dawa aliyotiwa hospitali, akayafuta, akasema tuendelee.

Yeye ndiye aliyeamua namna ya kufanya. Ng'ombe wa marehemu, alisema, hawaondolewi kama takataka. Wenye majina wabaki na wagawiwe. Wasio na majina wamezaliwa na mashine, hao nipunguze. Basi tulifanya kazi. Mimi nilizunguka, baba akasoma jina, nami nikaandika amri ya kumtia mnyama huyo alama isiyoonekana, ili baadaye seva imtambue na kumruka. Walifika kumi na tisa. Waligawiwa wiki iliyofuata, watatu kwa kila mmoja wetu sita, nikawahamisha kwa amri kutoka Ng'ambo hadi kwenye mazizi ya watu, na wa kumi na tisa akapewa binamu kwa sababu baba alimwonea huruma kwa kile kikao. Hiyo ilikuwa kazi ya kwanza tuliyofanya pamoja, mimi na baba, tangu mazishi. Tulikuwa tunazungumza mambo ya ng'ombe tu, naye alichangamka, akanikosoa nilipokuwa nakawia.

Kumtia alama Jivu kulihitaji mstari mmoja wa maandishi. Hata bila kumwona ningeweza kuandika jina lake. Kama hayupo, seva ingesema hayupo, na basi. Sikuandika. Na nyumba ya mdogo wangu ilikuwa pale, hatua kumi kutoka zizini, mlango umefungwa. Nilijiambia sina sababu ya kuingia, ndani ya nyumba hakuwezi kuwa na ng'ombe. Niliyasema hayo moyoni, mimi niliyekua nikilala chumba kimoja na ndama.

Niliandika amri ya kuua kila ng'ombe asiye na alama, nikabonyeza. Walianguka ubavu wote kwa pamoja, wakageuka moshi. Malisho yakabaki nyama na ngozi zimetapakaa, na kati yake kumi na tisa wamesimama wanakula majani. Seva ikawa nyepesi papo hapo. Nikageukia dirisha langu kusoma hesabu, na hapo nikaona mstari ambao sikuutarajia. Mnyama mwenye jina akifa, seva huandika jina lake. Mstari ulikuwa mmoja tu, na jina lilikuwa Jivu.

Nilifungua mlango wa nyumba. Kulikuwa na kitanda, sanduku, na tanuri dogo la kupikia ukutani. Mbele ya tanuri, sakafuni, palikuwa na nyama vipande vitatu na ngozi moja. Alikuwa amemweka ndani, karibu na moto.

Mguu uliokufa ganzi, watu husema afadhali unapoamka. Unapoamka ndipo unapouma. Niliumia kifuani kweli, kwa miezi mitatu yote mara moja, nikaona aibu kwa zile karatasi, kwa wino, kwa mwisho wa mwezi niliompa. Nikamwambia baba kwamba nimemuua Jivu, na kwamba nakala ya asubuhi ninayo kwenye flashi, dakika chache tu narudisha dunia ilivyokuwa, na Jivu atakuwepo. Nilikuwa nimeshaishika flashi.

Baba aliushika mkono wangu.

"Acha, mama," alisema. "Mdogo wako hakuchinjiwa."

Halafu akauliza kama nyama ile inaliwa. Nikamwambia inaliwa, ila isipookotwa ndani ya dakika tano inatoweka.

"Basi okota, upike, ule. Siku ile hukula. Nilikuona."

Niliokota. Nikaiweka nyama kwenye tanuri la mdogo wangu, moto ukawaka, na tukasubiri iive, baba akiutazama moto kana kwamba anaweza kuuchochea. Nilikula kipande cha kwanza, nikala cha pili. Kufikia hapo nilikuwa nalia kwa sauti, kioo sikioni tena, vidole vinapapasa kibodi. Baba, ambaye macho yake ndiyo yaliyomleta mjini, aliniambia kimebaki kimoja.